Shajara ya mradi: Kukirekebisha kigarimoshi cha mvuke cha reli ya milimita 45 kwa joto la Mombasa

Shajara hii inafuata kazi ya kukifanya kigarimoshi kidogo cha mvuke, kilichoundwa kwa hali ya hewa ya Uingereza, kitembee vizuri juu ya paa la zege la nyumba yetu hapa Tudor. Ni injini ya magurudumu manne yenye silinda mbili, boila ya shaba nyekundu inayopitiwa katikati na bomba moja la moto, na tangi dogo la gesi ya butani lililowekwa ndani ya kibanda cha dereva. Reli zake zina upana wa milimita 45. Kwa mtu wa Mombasa upana huo una faida ya pekee, kwa sababu reli ya zamani iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa ya mita moja, na mita moja ukiigawa kwa 22 na kidogo unapata milimita 45. Atakaye kuiga mabehewa ya reli ile anaweza kufanya hivyo kwa kipimo cha haki.

Mpangilio ninaoufuata ni huu: boila kwanza, kisha vali, kisha moto, kisha reli, na kila mara kinabadilishwa kitu kimoja tu kabla ya kupima tena. Injini hizi ndogo zina marekebisho machache, lakini kila moja linagusa jingine, na anayegeuza mawili kwa pamoja hawezi kujua lipi limemsaidia. Nakazia pia kwamba maelezo mengi ya moto na gesi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na yakifika Pwani sehemu kubwa yake inageuka kinyume.

18 Januari 2025: Ukaguzi na ukoko wa chokaa

Injini ilinunuliwa ikiwa imetumika. Bei yake, usafiri wa meli na ushuru vilifika jumla ya KSh 96,000. Kwa nje ilikuwa safi, ila nilipofungua kizibo cha kujazia maji na kumulika ndani kwa tochi, niliona ukoko mweupe umeshika kuta za boila na juu ya bomba la moto. Ukoko wa namna hiyo hutokana na maji yenye chokaa. Hauonekani kuwa jambo kubwa, lakini hupitisha joto vibaya mno kuliko shaba, na mtu anaweza kupoteza miezi akiulaumu moto ambao hauna kosa.

Niliyeyusha vijiko viwili vya unga wa ndimu, yaani asidi ya sitriki, katika nusu lita ya maji ya moto, nikaijaza boila na kuiacha saa moja, kisha nikamwaga na kurudia hadi mapovu yalipokoma. Dalili ya kuangalia ni rangi ya maji yanayotoka: yakiwa ya maziwa, asidi bado inakula chokaa; yakianza kuwa ya buluu au kijani, inakula shaba yenyewe, na hapo ni wajibu kuacha na kusuuza kwa maji mengi safi. Unga wenyewe ulikuwa KSh 150.

2 Februari 2025: Kupima boila kwa maji, na vali ya usalama

Boila iliyotoka kwa mtu mwingine haiwashwi moto kabla ya kupimwa kwa presha ya maji baridi. Maji hayabanwi, kwa hiyo boila iliyojaa maji ikipata ufa hutoa tone na presha inaisha papo hapo, ilhali iliyojaa mvuke au hewa hurusha vipande. Boila mpya hupimwa kwa mara mbili ya presha yake ya kazi, na iliyokwisha kutumika kwa mara moja na nusu. Hii yetu ni ya bari 2.8 (bari ni kipimo cha presha, moja ikikaribia presha ya kawaida ya hewa), hivyo nililenga 4.2. Fundi bomba wa mtaani alinikodisha pampu yake ya mkono ya kupimia mabomba kwa KSh 500, nayo ina geji kubwa ya kuaminika.

Presha ilishuka polepole kila ilipopita bari 3. Viungo vya boila vilivyolehemiwa kwa fedha vilikuwa vikavu vyote. Unyevu ulipatikana kwa kuzungushia karatasi ya tishu kila nati, na tishu iliyolowa ilikuwa ile ya chini ya vali ya usalama. Washa ya shaba ya pale, yaani pete bapa ya kuziba, ilikuwa imegandamizwa hadi ikawa ngumu. Niliweka mpya, baada ya kuipasha moto hadi ikawa nyekundu na kuizima kwenye maji ili ilainike, na boila ikashika bari 4.2 kwa dakika 20 bila sindano kutikisika. Kwa kutumia geji ile kubwa niligundua kwamba geji ndogo ya injini husoma pungufu kwa bari 0.3, nimeandika tofauti hiyo kwenye karatasi niliyobandika ndani ya sanduku la injini.

Vali ya usalama ndiyo iliyonitia wasiwasi. Springi yake ilikuwa ya chuma cha kawaida na ilikwisha kushika kutu, na chumvi ya hewa yetu ingeimaliza kabisa. Mkereza mmoja wa karibu na Mwembe Tayari alisokota springi nyingine kwa waya usioshika kutu, akasugua kiti cha vali, na kwa washa pamoja na kazi yake nililipa KSh 900. Vali hiyo lazima ifunguke kwenye bari 2.8 na, hata moto ukiwa umefunguliwa wote, isiiache presha ipande zaidi ya sehemu moja ya kumi juu ya hapo. Hilo halipimwi kwa maji, lilisubiri mvuke.

23 Februari 2025: Vali za silinda, kwa hewa

Kabla ya kuwasha moto wowote injini inapaswa kuzunguka kwa hewa. Kwa hewa unaweza kuigusa, kuisimamisha, kufungua kifuniko na kuanza upya bila kuungua wala kusubiri ipoe. Fundi wa friji aliniuzia kompresa ya friji kuukuu kwa KSh 2,500, na mpira na viungo vyake vikawa KSh 600. Hewa peke yake hailainishi silinda, kwa hiyo tone la oili liliingizwa kwenye bomba la mvuke kila baada ya muda.

Kwa bari 0.5 injini ilizunguka kwa kuruka: ilikimbia nusu mzunguko, ikasita, ikakimbia tena. Kwa bari 1.5 tatizo lilionekana kama limeisha, na hapa ndipo wengi huishia, kwa sababu presha kubwa huficha kasoro za vali. Injini ya silinda mbili ambazo kila moja husukumwa pande zote mbili hutoa pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, na pumzi hizo zinapaswa kufanana kwa nguvu na kwa nafasi. Mzee mmoja jirani yetu, aliyewahi kuwa mchochea moto wa garimoshi kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, aliketi juu ya ndoo, akainamisha kichwa, akasema, “Mwanangu, pumzi ya tatu imechoka.” Alieleza kwamba kwenye zile Garratt za daraja la 59, garimoshi kubwa zilizokuwa na seti mbili za silinda, mbele na nyuma, zilizolishwa na boila moja, pumzi za mbele na za nyuma zilikuwa zikikutana na kuachana njia nzima, hivyo sikio la mfanyakazi lilizoea kuzitenganisha. Nilihesabu tena nikiwa nimeweka alama ya chokaa kwenye gurudumu, nikaona ni kweli: ya tatu ilikuwa ya upande wa nyuma wa silinda ya kushoto.

Nilifungua kisanduku cha vali cha kushoto. Humo mna kipande kidogo cha shaba kinachoteleza juu ya matundu matatu: mawili ya pembeni hupeleka mvuke kila upande wa pistoni, na la katikati hutoa mvuke uliotumika kwenda dohani. Ukizungusha gurudumu taratibu, vali inapaswa kufungua tundu la mbele na la nyuma kwa upana ule ule. Hapa tundu la mbele lilifunguka kwa takriban milimita 0.9 na la nyuma kwa 0.4. Vali hukaa juu ya ufito wenye skrubu ya milimita 2, ambayo kila mzunguko mmoja wa nati huisogeza milimita 0.4, kwa kuwa tofauti ilikuwa 0.5, ilihitaji kusogezwa nusu ya hiyo, yaani zaidi kidogo ya nusu mzunguko wa nati. Nati ina pande sita, kwa hiyo niliigeuza pande nne kwanza, nikaona imepita kidogo, nikairudisha upande mmoja. Sasa matundu yote mawili hufunguka karibu 0.65.

Usawa huo pekee hautoshi, kwa kuwa kuna pia wakati wa kufunguka. Eksentriki inayoendesha vali (kisahani kilichofungwa kwenye ekseli nje ya kitovu chake) inapaswa kuitangulia krenki, yaani mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, kwa nyuzi 90 na ziada kidogo, ili pistoni ifikapo mwisho wa safari yake tundu liwe ndiyo kwanza linaanza kufunguka. Eksentriki ya kulia ilikuwa sawa. Ya kushoto ilikuwa imeteleza nyuma kwa sababu skrubu yake ndogo ya kuishika ilikuwa imelegea. Kuikaza tu hakukutosha: iliteleza tena baada ya nusu saa ya kuzunguka, kwa kuwa ncha ya skrubu ilikuwa imelika na kuwa butu. Mkereza alitoboa kishimo kidogo kwenye ekseli mahali pa kipimo sahihi ili ncha ya skrubu mpya iingie. Baada ya hapo injini ilizunguka kwa bari 0.3 bila kusita, na polepole kiasi cha kuweza kuhesabu spoku za gurudumu.

Glandi za fito za pistoni, yaani vizibo vya kuzuia mvuke pale ufito unapotoka kwenye silinda, zilikuwa zikivuja. Pakingi yake niliitengeneza kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, iliyosokotwa ikawa uzi mwembamba na kuzungushwa mara mbili. Nati ya glandi hukazwa kwa vidole tu. Ikikazwa kwa spana, msuguano unaoongezeka unaondoa faida yote ya kazi ya vali.

16 Machi 2025: Moto wa kwanza, na tatizo la gesi

Nilitumia mikebe ya butani ya gramu 220 inayouzwa madukani kwa majiko ya kubebea, KSh 350 kila mmoja. Gesi ya mtungi wa jikoni haifai kabisa: ina propani ndani yake, na kwenye nyuzi 30 propani hufikisha presha inayokaribia bari 10, ambayo tangi hili dogo halikuundwa kuibeba. Hata kwenye mikebe midogo ni vizuri kusoma maandishi, kwani mingine ni mchanganyiko. Kujaza hufanywa nje, mbali na moto wowote, kabla injini haijapata joto.

Ilikuwa adhuhuri ya kaskazi, kivulini nyuzi 33. Gesi ilipowashwa kwa juu ya dohani, moto ulishuka hadi kwenye kichomeo kama inavyotakiwa, ukalia kama honi kwa sekunde chache, kisha ukajinyanyua kutoka kwenye kichomeo na kwenda kuwaka ndani ya kisanduku cha moshi, yaani chumba cha mbele ya boila chini ya dohani. Nilipopunguza gesi ulirudi, na dakika tatu baadaye ukanyanyuka tena bila mimi kugusa chochote. Rangi ya kisanduku cha moshi iliungua mbele ya macho yangu na boila ilikuwa bado haijafika bari 1.

Sababu yake inastahili kuelezwa kwa urefu. Ndani ya tangi butani iko katika hali ya kimiminika, na presha yake haitegemei kiasi kilichobaki bali joto la kimiminika hicho. Kwenye nyuzi 20 ni kama bari 1.1 juu ya presha ya hewa. Kwenye nyuzi 33 inapita bari 2. Tangi likikaa mgongo kwa mgongo na boila ambayo ikifika presha ya kazi ina joto la takriban nyuzi 140, halichukui muda kufika nyuzi 45, na hapo presha inapita bari 3. Jeti, yaani kipande chenye tundu jembamba la kupitishia gesi kwenda kwenye kichomeo, iliyochaguliwa kwa bari 1 inalazimishwa kupitisha gesi nyingi na kwa kasi kubwa, gesi inayotoka kwenye matundu ya kichomeo inaukimbia mwali wake, na moto unakwenda kutafuta mahali pa kutulia mbele zaidi. Uingereza waendeshaji huloweka tangi kwenye maji ya uvuguvugu ili gesi ipate nguvu. Sisi tunahitaji kinyume chake.

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya bila gharama. Kuipunguza gesi kwa vali ya sindano kulifaa kwa muda mfupi tu, kwa kuwa tangi liliendelea kupata joto na presha ikaendelea kupanda nyuma ya vali. Kuongeza tundu la hewa kulizidisha kunyanyuka kwa moto. Kulibana tundu la hewa kwa theluthi moja kuliondoa ile sauti ya honi, na nimeliacha hivyo hadi leo, lakini hakukuzuia moto kuhama. Kitambaa kibichi juu ya tangi kilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, ila kilikauka bila mpangilio na moto ukawa wa kupanda na kushuka, na injini ambayo moto wake hautulii haiwezi kurekebishwa kitu kingine chochote.

6 Aprili 2025: Jeti ndogo na beseni la maji

Jeti ya awali ilikuwa na tundu la milimita 0.20. Niliagiza mbili, ya 0.18 na ya 0.15, zikagharimu KSh 4,300 pamoja na posta. Hesabu ni rahisi: gesi inayopita hufuata eneo la tundu, na tundu la 0.15 lina eneo linalozidi kidogo nusu ya lile la 0.20. Kwa kuwa joto letu huongeza gesi kwa karibu nusu kulinganisha na nyuzi 20, jeti ya 0.15 inarudisha moto karibu na ukubwa uliokusudiwa, pungufu kidogo.

Pamoja na hilo, lakini baada ya kuipima jeti peke yake kwanza, fundi wa friji alitengeneza beseni jembamba la bati la shaba linalolizunguka tangi, lenye maji ya kawaida ya mililita 60. Maji hayo hayalipozi tangi kwa maana ya barafu. Yanachelewesha joto la boila lisifike haraka, na butani inayogeuka kuwa gesi inayapoza kutoka ndani. Tangi sasa halipiti nyuzi 36 hadi gesi inapoisha. Moto ni wa buluu, unasikika kama mvumo mdogo tu, na haujahama tena. Boila inafika bari 1 kwa dakika sita na bari 2.8 kwa dakika tisa. Vali ya usalama ilifunguka kwenye 2.8 ya kweli, na moto ukiwa wazi wote presha ilisimama kwenye 3.0.

Jeti ikiziba, na kwa unyevu wetu huziba ikikaa wiki chache bila kutumika, isichokonolewe kwa waya wala pini, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu jeti imekwisha kuwa ya kipimo kingine. Iloweke kwenye thina, ipulizwe kwa hewa kutoka upande wa ncha, kisha uiangalie dhidi ya mwanga.

27 Aprili 2025: Gesi inayodumu kuliko maji

Marekebisho ya moto yalizaa hatari mpya, na naiandika kwa mkazo kwa yeyote atakayenakili kazi hii. Injini hizi hupangwa ili gesi iishe kabla ya maji, moto uzimike wenyewe boila ikiwa bado ina maji juu ya bomba la moto. Tangi letu linachukua mililita 40 za butani na boila mililita 150 za maji. Kwa moto ule mkubwa uliokuwa ukipotelea kwenye dohani, maji yalibaki. Moto ulipotulia na kuanza kuwaka mahali pake, joto lile lile la gesi liliingia ndani ya boila badala ya kwenda hewani, na gesi ile ile sasa ina uwezo wa kuchemsha maji yote na zaidi. Niliona presha ikishuka ghafla moto ukiwa bado unawaka, nikazima. Maji niliyopima baada ya kupoa yalikuwa mililita 8.

Kuna njia mbili za kulitatua: kujaza gesi kidogo, au kuongeza maji injini ikiwa na mvuke. Nimechagua zote. Gesi hujazwa kwa mizani ya jikoni, gramu 17 na si zaidi. Kizibo cha maji kimebadilishwa kikawekwa vali ya kuzuia maji kurudi, iliyokerezwa hapa mjini kwa bronzi kwa KSh 1,900, na maji husukumwa humo kwa chupa ngumu ya kubonyeza kupitia mpira mwembamba. Nilisisitiza bronzi kwa sababu shaba ya manjano ikikaa kwenye maji ya moto hupoteza zinki yake na kubaki dhaifu kama sifongo, ingawa kwa nje inaonekana nzima.

Maji yenyewe: ya visima vya kisiwani hayafai, kwani yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe na yamejaa chokaa na mara nyingi chumvi. Mimi hutumia maji yaliyokenekwa ya kujazia betri. Muuzaji aulizwe waziwazi, maana watu wengine wakisema maji ya betri wanakusudia asidi. Masika yameanza, na maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha paa ni mazuri vilevile.

18 Mei 2025: Oili

Silinda hulainishwa kwa kikopo kidogo kilichounganishwa na bomba la mvuke: mvuke unaingia, unapoa na kuwa maji, maji yanazama chini, na oili inainuliwa kidogo kidogo hadi kwenye mkondo wa mvuke. Nilianza na oili ya kawaida ya injini ya gari, KSh 750. Ilikwisha kabla ya nusu ya safari, ikatoka kwenye dohani ikiwa povu la kijivu, na silinda zikaanza kulia. Mvuke uliojaa unyevu huiosha oili hiyo kwenye kuta za silinda. Oili ya giaboksi ni nzito zaidi, lakini nyingi zina viungo vya salfa vinavyoshambulia shaba na bronzi, kwa hiyo sikuijaribu kabisa.

Inayotakiwa ni oili ya silinda za mvuke, yenye unene wa daraja la ISO 460. Kwa kawaida huuzwa kwa ndoo ya lita 20. Duka moja la vilainishi huko Shimanzi lilikubali kunipimia lita moja kwa KSh 1,400, na lita hiyo itatosha miaka. Sasa kikopo hubaki na theluthi ya oili mwisho wa safari, na pembeni mwa dohani huonekana utando mwembamba wa mafuta, ambao ndio uthibitisho kwamba oili inafika.

22 Juni 2025: Reli juu ya paa

Reli za kununua zilikuwa ghali mno kuziagiza. Nilitumia pau bapa za alumini za milimita 3 kwa 12, zile za mafundi wa madirisha, zilizosimamishwa kwa ubavu ndani ya mikato ya msumeno kwenye mataruma ya mbao. Pau nane za mita 6 zilikuwa KSh 7,600, mbao za mataruma KSh 1,800, na vipande vya bomba la plastiki vilivyojazwa zege kuwa miguu, pamoja na skrubu, KSh 2,200. Njia ni ya duara refu: pande mbili za mita 6 na kona za nusu kipenyo cha mita 1.5. Kwenye kona upana nimeuongeza hadi milimita 46.

Reli zilizowekwa alfajiri zilikuwa zimenyooka kabisa, na kufikia saa saba mchana zilikuwa zimejikunja kama nyoka. Alumini hurefuka milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Pau ya mita 6 ikitoka nyuzi 24 za usiku hadi 55 za juani hurefuka zaidi ya milimita 4, na mimi nilikuwa nimeifunga ncha zote mbili. Nilizikata pau kuwa za mita 3, nikazifunga kwa skrubu katikati tu, na kuacha nafasi ya milimita 2.5 kila ncha wakati wa alfajiri. Ncha zimekatwa kwa mshazari ili gurudumu lisidumbukie kwenye nafasi.

Jambo la pili ni mteremko. Paa la zege hujengwa likiwa na mwinamo wa kutolea maji, na letu linashuka sentimita 7.5 katika mita 6. Kwa macho hauonekani, lakini injini yenye mabehewa matatu ilikwama kupanda na ikakimbia kushuka hadi ikaanguka kwenye kona. Kabla ya kugusa rigaleta, yaani vali ya kupitishia mvuke kwenda kwenye silinda, reli isawazishwe: nilitumia mpira wa maji wa waashi, nikarefusha miguu ya upande wa chini. Injini ile ile, bila kuguswa, sasa inavuta mabehewa matano kwa mwendo unaolingana pande zote.

10 Agosti 2025: Kusi

Joto la asubuhi sasa ni nyuzi 23 na upepo wa kusi unavuma juu ya paa tangu mapema. Jeti ya 0.15, iliyokuwa sawa kabisa mwezi wa Aprili, imekuwa dhaifu: presha inasimama kwenye bari 1.9 injini ikivuta mabehewa yote. Nilimwaga maji ya beseni kwanza, tangi likapata joto la boila, na presha ikapanda hadi 2.3. Kisha nikarudisha maji na kuweka jeti ya 0.18 peke yake, ikafika 2.7 na moto ukabaki wa buluu. Kwa kusi, basi, ni jeti ya 0.18 na maji ndani ya beseni. Kwa kaskazi ni ya 0.15. Jeti ya 0.20 nimeitoa kwenye kisanduku cha vifaa.

Upepo wenyewe ulikuwa ukizima moto wakati wa kuwasha. Ubao wa sentimita 40 upande wa kusini wa mahali pa kuwashia umelimaliza hilo.

Gharama zote bila injini na gesi zimefika KSh 24,600, nazo ni pamoja na ile oili isiyofaa. Glandi ya kulia imeanza kuvuja tena, na nadhani ufito wake una mkwaruzo ambao pakingi haiwezi kuuziba. Mkereza ataupima kwa mikromita, na ikibidi atakereza mwingine wa chuma kisichoshika kutu. Kazi ya behewa la kwanza la mizigo la reli ya mita moja itaanza baada ya hapo.